Mafuta Yako Yanaongea na Ubongo

Wadada, tuongee ukweli. Beshte yangu alipunguza kilo 14 kwa miezi 4, hedhi ikakatika. Akafurahi eti hanunui pedi tena, na watu wakamjazia mioto kwa komenti. Hiyo ndiyo iliniudhi, kwa sababu mwili haukuwa unampongeza. Ulikuwa umefunga duka.

Iko hivi. Mafuta ya mwili hayajakaa tu hapo kama mzigo. Yanatengeneza homoni inaitwa leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994 na kikosi cha Jeffrey Friedman kule New York. Kazi yake moja ni kupelekea ubongo ripoti: akiba ipo, ama akiba imeisha. Ukijinyima chakula na mafuta yakashuka sana, leptini nayo inashuka, na ubongo unaona kumeingia njaa. Unapunguza amri unazotuma kwa ovari. Yai halitoki. Siku zako zinapotea. Na si ujinga, kwa sababu kubeba mimba na kunyonyesha kunataka nguvu nyingi sana.

Tena hii si story ya jana. Mwaka 1974 huko Marekani, Rose Frisch na Janet McArthur walisema msichana anahitaji mafuta kama asilimia 17 ya mwili ndio aanze hedhi, na kama 22 ndio iendelee vizuri. Namba zenyewe zimebishaniwa sana, maana kuna wanariadha wembamba kabisa na hawarukishi mwezi. Lakini kwamba ubongo unaangalia akiba, hiyo imesimama.

Kabla mtu aniambie basi tunenepe: mafuta yakizidi pia yanavuruga. Insulini inapanda, homoni zinachanganyikana, hasa kwa walio na PCOS. Kwa wengine wenye uzito mkubwa, kupunguza hata asilimia 5 hadi 10 kunaweza kurudisha yai. Kwa hivyo sijasema usiende jimu. Nenda, lakini kula.

Kuna kitu watu hawasemi: hedhi ikipotea hivyo, estrojeni imeshuka, na mifupa inaumia. Una miaka 21 na mifupa inazeeka kama ya shosho! Zikipita miezi 3 na huna mimba, hiyo ni ya hospitali, na usimfiche daktari vile unakula. Halafu usiichukulie kama kupanga uzazi. Yai linaweza kurudi kimyakimya kabla hedhi yenyewe irudi.