Usukani Mzito

Mwalimu mmoja wa Ngara alirudi jioni kutoka Biharamulo mikono ikimuuma, maana usukani wa gari lake ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia. Kesho yake alipaswa kumpeleka mama yake hospitali kwa barabara ile ile ya Lusahunga, ipitwayo na malori yaendayo Rwanda na Burundi.

Alitandaza gazeti chini ya injini, akalala. Alfajiri alikuta doa jekundu. Hayakuwa maji, wala oili ya injini. Yalikuwa mafuta ya usukani. Alipangusa mipira yote ikakauka, kisha mwanawe akawasha injini na kuzungusha usukani polepole. Unyevu ulichomoza kwenye mpira urudishao mafuta, pale ulipobanwa. Heri haukuwa ule wa msukumo mkubwa, ambao hautiwi kiraka. Fundi asemaye hutiwa aogopwe.

Alikata ncha iliyopasuka, akaubana upya, akajaza mafuta. Injini ikiwa imezimwa na magurudumu ya mbele yameinuliwa, alizungusha usukani huku na huku hata mapovu yakaisha.

Mama alikuwa amekwisha kuvaa, ameketi mlangoni na cheti chake mkononi.