Mwanao akichagua kazi usiyoijua jina

Baba yetu alimsomesha binti yake wa mwisho akisubiri daktari. Leo binti huyo anaandika programu za kompyuta zinazowapangia watafiti wa vinasaba hatua za uchambuzi wao. Jirani akiuliza, Baba hujibu, "Yuko kwenye mambo ya kompyuta," kisha hubadili mazungumzo.

Mimi naandika habari za afya, na naona anachokosa kuona Baba. Vinasaba vya kimelea cha malaria vina herufi kama milioni 23, na mashine huvisoma kwa vipande vidogo vidogo. Lazima vipande hivyo visafishwe, vipangwe, vilinganishwe. Kila hatua ina programu yake. Ukitumia toleo jingine, jibu linaweza kubadilika.

Si hofu tupu. Mwaka 2017 watengenezaji wa Nextflow, programu iliyoanzia Barcelona, Hispania, walionyesha kwamba uchambuzi uleule wa kimelea cha ugonjwa wa kala-azar ulitoa majibu tofauti kidogo kwenye kompyuta za aina mbili. Walipozifunga hatua na vifaa vyake vyote pamoja, majibu yakalingana.

Mdogo wangu alimweleza Mama kwa lugha ya jikoni: "Mama, pilau yako mtu akiipika kwa jiko jingine na mchele mwingine haitoki sawa. Mimi natuma mapishi pamoja na jiko, sufuria na mchele." Mama alicheka, akaelewa.

Baba hakucheka. "Na pilau ikiungua, nani analala njaa?" aliuliza.

"Watoto, Baba. Dawa ya malaria ikianza kushindwa, watafiti huona dalili zake kwenye vinasaba vya kimelea. Wakikosea hesabu, tunaendelea kuwapa watoto dawa isiyofanya kazi."

Baba alinyamaza muda mrefu. Hajasema amekubali, na ndoto ya koti jeupe haijamtoka. Lakini lilikuwa swali lake la kwanza kuhusu kazi ile tangu binti ahitimu.

Mzazi mwenzetu, kazi nyingi za watoto wetu hazikuwapo tulipokuwa tunawachagulia. Kabla hujasema ada imepotea, muulize mwanao: nani anaitegemea kazi yako, na ikiharibika nani anaumia? Kisha mwache amalize kujibu.