Vespa Ukumbini

Atajwapo utamaduni wa taifa letu, wengi wetu hukumbuka ngoma, mashairi, vinyago na mavazi ya harusi. Hayo ni kweli, nasi tulio katika kazi ya kutunga hatuna haki ya kuyakana. Lakini yafaa pia tujiulize: kitu kilichoundwa ugenini, kikafika bandarini kwetu ndani ya sanduku, kikakaa nasi miaka zaidi ya hamsini, kikalala nyumbani mwetu na kubeba maharusi na wagonjwa wetu, kitu hicho tukiweke upande gani? Tunauliza kwa sababu tunamiliki vespa, na mara kwa mara hutokea mtu akatuambia kwamba mapenzi yetu kwa chombo hicho ni mabaki ya kasumba.

Na tuanze na asili yake. Vespa ilizaliwa Italia mwaka 1946, katika kiwanda cha Piaggio mjini Pontedera. Kabla ya hapo kiwanda hicho kilikuwa kikiunda ndege, zikiwemo ndege za kudondosha mabomu, nacho chenyewe kikapigwa mabomu katika Vita Kuu ya Pili. Vita vilipokwisha, Enrico Piaggio alitaka chombo rahisi cha kuwapeleka watu kazini juu ya barabara zilizoharibika. Kazi akampa mhandisi Corradino D'Ascanio, bingwa wa ndege na helikopta, mtu ambaye pikipiki hakuzipenda hata kidogo. Aliziona zinachafua nguo, minyororo yake inasumbua, na gurudumu likipasuka ni taabu kulibadili. Basi akaunda kitu kisicho na mnyororo. Injini akaiweka kando ya gurudumu la nyuma na kuifunika kwa bati. Gurudumu la mbele akalishika upande mmoja tu, kama gurudumu la ndege. Gia akazitia mkononi mwa kushoto. Na mbele ya miguu ya mpandaji akasimamisha ngao ya bati. Kwa kiuno chake chembamba na mlio wake, chombo kikaitwa vespa, maana yake nyigu.

Sisi watu wa Dar es Salaam hatuna sababu ya kushangaa kwamba chombo cha amani kimetoka katika kiwanda cha vita. Kariakoo yenyewe ilipata jina kwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliokusanywa na Waingereza katika vita vya 1914 hadi 1918. Anunuaye nyanya pale leo haikumbuki mizigo ile, wala hatumlaumu.

Ngao ile na uwazi ule wa mbele ya kiti D'Ascanio alivikusudia kwa ajili ya suti na sketi za kwao. Hakujua kwamba alikuwa akimshonea mtu wa Pwani. Juu ya pikipiki ya kawaida mwenye kanzu hana budi kuikunja hadi magotini, na heshima yake inabaki njiani. Juu ya vespa hukaa kama aliyekaa kitini barazani, miguu pamoja, kofia kichwani. Mama mwenye buibui hukaa upande nyuma yake bila kufunua kitu. Tunaamini kwamba hii ni sababu mojawapo ya chombo hicho kupendwa mno Unguja, ambako hadi leo watu huita vespa hata vyombo vya namna hiyo vilivyotoka Japani. Pikipiki tuliipa jina kwa sikio, kwa jinsi inavyolia. Vespa tuliipokea na jina lake, na katika wote waliolitamka sidhani kama mmoja katika mia alijua kwamba anasema nyigu.

Injini yake ya zamani ni ya mipigo miwili. Katika injini ya mipigo minne, kama zilivyo za magari mengi, mlipuko huja mara moja katika kila mizunguko miwili. Katika hii huja kila mzunguko. Mtunzi wa mashairi ataielewa tofauti hiyo upesi kuliko mwanafunzi wa ufundi. Mshororo wetu wa mizani kumi na sita hugawika ukwapi na utao, nane kwa nane. Upo wenye kina mwishoni peke yake, na upo wenye kina katikati na mwishoni. Vespa haikosi kina cha kati. Ila kina hicho kina gharama, kwa kuwa oili huchanganywa na petroli yenyewe, kiasi cha asilimia 2, ikaungua pamoja nayo, na huo ndio moshi wa buluu unaowakera wapita njia. Uovu huo hatuutetei.

Walioendesha vespa Kariakoo katika miaka ya kwanza ya Uhuru walikuwa makarani, walimu, na mafundi wenye mshahara wa mwezi. Mchana zilisimama mbele ya ofisi za mjini. Usiku zililala ukumbini. Msomaji asiyezijua nyumba zetu za Kiswahili na afahamu kwamba ukumbi ni ile njia ya kati inayotoka mlango wa mbele hadi uani, vyumba vikiwa kulia na kushoto. Ndani ya njia hiyo, baina ya mtungi wa maji na viatu vya wapangaji, ndipo ilipoegeshwa vespa ya mwenye nyumba. Watoto wa nyumba hizo walikua na harufu ya petroli usingizini.

Katika ukumbi wa namna hiyo, karibu na Mtaa wa Mkunguni, ndimo tulimoiona ya kwetu mwaka 1999. Tulikuwa karani kijana, wa kidato cha nne, mwenye shairi moja moja gazetini. Mwenye vespa alikuwa amefariki, na mjane wake alikuwa akiiuza. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akatutazama viatu kabla ya uso.

“Mwanangu, wewe unataka kuipanda au kuichinja?” akauliza.

Walikuwa wamekwisha kuja watu wawili waliotaka injini tu, mwili wauze kwa wanunua vyuma. Tukamwambia tunataka kuipanda. Akatuletea kigoda, tukaanza kuikagua.

Ukaguzi wa vespa kuukuu una adabu yake. Usitazame rangi, maana rangi hupulizwa kwa siku moja. Inua mpira wa sakafu utazame bati lililo chini yake, kwa sababu vespa haina fremu ya mabomba. Bati hilo ndilo mifupa yake, na hewa ya chumvi ya mji huu hulila kimyakimya. Kisha fungua kifuniko cha upande wa injini usome namba. Namba ya mwili hutanguliwa na herufi zinazoishia kwa T, yaani telaio, kiunzi. Ya injini huishia kwa M, yaani motore. Ya kwetu ilisomeka VBB1T mwilini na VBB1M injinini: vespa ya 150, ya mwanzo wa miaka ya 1960, yenye magurudumu ya inchi 8, na roho yake ni ileile iliyozaliwa nayo. Fundi mzee wa Gerezani tuliyekwenda naye hakusoma namba yoyote. Aliipiga kiki mara tatu, akaegemeza mkono kwenye kiti, akasema, “Ringi zimechoka, lakini moyo mzima.” Tukalipa mishahara yetu ya miezi mitatu.

Tulipokuwa tunatoka, mama yule aliingia chumbani akarudi na daftari la jalada gumu. Mumewe, karani kwa kazi na kwa tabia, aliandika humo kila galoni, na baadaye kila lita, ya petroli aliyotia, tangu mwaka 1962. Tumelisoma daftari hilo mara nyingi kuliko vitabu vyetu vya mashairi. Mna safari za kumpeleka mke hospitali kujifungua, mara nne, na tarehe zake. Mna msiba wa Bagamoyo. Mwaka 1967 hati yake inaanza kunyooka zaidi, sijui kwa nini. Kuanzia bei ya mafuta ilipopanda duniani mwaka 1973, safari za Jumapili zinapungua. Katika vita vya Kagera, 1978 na 1979, kurasa zinakuwa na mistari miwili au mitatu kwa mwezi. Katikati ya miaka ya themanini hakuna petroli kabisa kwa majuma mengi, lakini spea zinaandikwa: gasketi iliyokatwa kwa jalada la kitabu, bushi iliyochongwa kwa shaba ya bomba. Waitaliano walioiunda wasingezitambua sehemu hizo. Ziliundwa Gerezani, kwa tupa na subira, wakati fedha za kigeni zilipokuwa adimu na duka lilikuwa rafu tupu.

Hapo ndipo tunapowajibu wanaotuita watu wa kasumba.

Msaada mwingine ulitoka India. Kampuni ya Bajaj ilikuwa imepata leseni ya Piaggio, ikaunda vespa za Kihindi na vyombo vya magurudumu matatu. Na leseni ilipokwisha, ikaendelea kwa jina lake na kutoa Chetak, jina la farasi wa mfalme wa kale. Michoro ilikuwa ya ukoo mmoja, kwa hiyo sehemu nyingi za Kihindi ziliingia katika vespa zetu bila ugomvi. Bajaji zilizojaa leo Kariakoo ni wajukuu wa ukoo huo. Piaggio ilipounda chombo chake cha magurudumu matatu mwaka 1948 ilikiita Ape, yaani nyuki. Nyigu akatangulia, nyuki akafuata, na dereva wa bajaji anayetupigia honi Msimbazi tupishe njia anamfukuza babu yake.

Mwaka 2017 alitujia mgeni kutoka Ulaya aliyekuwa akinunua vespa kuukuu ili azipakie katika kontena. Alikuwa mtu mwenye adabu, anajua kazi yake. Alitaja bei mara kumi ya ile tuliyonunulia, kisha akaomba na daftari. Usiku ule nyumbani hapakulalika. Binti yetu alikuwa amepata nafasi ya chuo na ada haikutimia. Mama watoto alisema maneno ya haki: kwamba chuma hakisomi. Tukafungua sheria, kama ilivyo desturi ya watumishi wa serikali. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 huangalia vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Vespa ya karani haimo. Katika Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, yamehifadhiwa magari waliyopanda wakubwa, nasi tunayaheshimu, lakini waliokwenda kazini kwa vespa hawamo. Hatimaye tuliuza kiwanja chetu cha Chanika, ada ikalipwa. Mama watoto hajaacha kukitaja kiwanja kile, hasa kila tusikiapo bei za viwanja vya huko, na hoja yake haijajibiwa.

Nyumba ya mjane imevunjwa, mahali pake pana ghorofa lenye maduka ya mitumba na simu. Ghorofa halina ukumbi. Fundi wa Gerezani macho yamepungua. Huwekewa kigoda akasikiliza, na anayeshika spana ni kijana wa bajaji, aliyejifunzia kwake. Mwezi uliopita kijana huyo alibadili waya wa klachi kwa robo saa, akaupima mwanya wa platini kwa kipande cha karatasi ya sigara, jambo ambalo hatukumwona mzee akimfundisha. Tulimpa daftari aandike. Alishika kalamu kama spana, akaandika tarehe, waya wa klachi, bei, na lita mbili za petroli, chini ya mstari wa mwisho wa mkono wetu.