Muasi na Mnyonge

Hapa kwetu Segera, njiapanda ya Dar es Salaam, Tanga na Moshi, mpwa wangu aliniuliza: "Mjomba, katika hadithi za tawala dhalimu, muasi yupi ni shujaa?" Nilimjibu: mtazame anavyomtendea mnyonge.

Chukua Shamba la Wanyama cha George Orwell, kilichofasiriwa na Fortunatus Kawegere mwaka 1967. Wanyama walimfukuza bwana wao aliyewanyima chakula, na walikuwa na haki. Lakini nguruwe waliposhika hatamu, farasi aliyewatumikia mpaka nguvu zikamwishia walimuuza akachinjwe, na fedha wakanunulia ulevi.

Katika kitabu chake kingine, 1984, kilichotoka mwaka 1949, Winston anaichukia serikali inayopeleleza hata fikra za watu. Alipoulizwa kama angekubali kummwagia mtoto tindikali usoni ikiwa uasi utafaidika, alikubali. Basi ana tofauti gani na anaowapinga?

Sasa mtazame Katniss, binti wa filamu ya The Hunger Games ya mwaka 2012. Kura ilipomwangukia mdogo wake aingie katika mchezo wa watoto kuuana, alijitoa aende yeye.

Kuipinga dhuluma ni wajibu. Lakini anayemtoa mnyonge kafara ili aing'oe, huing'oa kwa mkono mmoja na kuipanda kwa wa pili. Wazazi wenzangu, wanetu wakitazama filamu hizi tuwaulize: je, mnyonge alitendewa nini?