Wawili wa Jina Moja

Wakati wa mazoezi ya kufundisha mwaka jana, mwalimu wa taaluma alisikia kwamba najua kompyuta. Basi, nikawa nimekwisha. Kesho yake nikakabidhiwa alama za Hisabati za Kidato cha Pili niziingize.

Nikafungua Microsoft Access, nikatengeneza majedwali mawili: la wanafunzi na la alama. Sikutaka kuandika majina kwa mkono, maana ukikosea herufi moja tu, kompyuta inahesabu mtu mwingine. Safu ya jina nikaiwekea orodha ile inayoshuka ukibofya kimshale: unachagua jina, unaandika alama, unasonga. Jioni ripoti zikachapishwa. Nikajiona mtaalamu kweli.

Jumatatu binti mmoja akanijia na karatasi yake ya mtihani: 81. Ripoti ilisema 57.5. A imegeuka C.

Darasani walikuwemo wasichana wawili wa jina moja, la kwanza mpaka la baba. Sasa, orodha ya aina hii ina mambo mawili: kile unachokiona na kile kinachohifadhiwa. Unaweza kuonyeshwa jina huku jedwali likihifadhi namba ya usajili. Mimi niliifunga safu kwenye jina lenyewe. Kompyuta ikaona mtu mmoja mwenye alama mbili, 81 na 34, ikatoa wastani, ikawapa wote.

Kurekebisha haikuwa kazi. Niliifunga safu kwenye namba, na namba nikaiacha ionekane pembeni ya jina, la sivyo ningeona majina mawili yaleyale nisijue nimchague nani. Nikaingiza alama zote upya.

Kazi ilikuwa kumwita yule wa 34. C yake alikwisha kuipeleka nyumbani. Nikamweleza, nikamwomba radhi.

"Kwa hiyo mwalimu, ile siyo yangu?"

Nikamwambia D nayo ni kufaulu. Akaitikia, "Sawa mwalimu," bila kuniangalia.

Kinachoniuma ni kwamba nilikuwa najua. Wiki nne nzima nikiita jina lile wanasimama wawili, darasa zima tunacheka.

Wewe unayekwenda mazoezini mwaka huu, kabla hujaingiza alama ya kwanza, pitia daftari la mahudhurio. Angalia wanaofanana majina. Kompyuta haitakuuliza.