Kilichowafanya Wauguzi Wabaki

Nilipoanza kuhudumu katika chumba cha wagonjwa mahututi, hapa Pwani ya Kenya, muuguzi mzuri alikuwa yule asiyelalamika. Mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia hustahili muuguzi wake peke yake, lakini sisi kila mmoja alikuwa na wawili, usiku mwingine watatu. Kumgeuza mgonjwa asipate vidonda vya mgongo, kuvuta makohozi kwenye mrija, kupima mkojo kila saa, kupandisha na kushusha dawa ya presha, kuyaandika yote hayo, kisha kutoka nje kuzungumza na jamaa wanaongoja habari. Chai tulikunywa wima, ikiwa tulikunywa.

Ratiba ya zamu ilibandikwa Jumapili jioni kwa wiki inayoanza kesho yake, na mama mwenye mtoto mchanga akahangaika usiku huo huo kutafuta wa kumlelea. Mgonjwa akifariki, tuliandaa maiti, tukatandika shuka safi, tukapokea mwingine.

Wenzetu wakaanza kuondoka. Mwaka 2017 wauguzi wa hospitali za umma waligoma kwa takriban miezi mitano wakidai makubaliano ya malipo na masharti ya kazi yatiwe saini. Mgomo ulipokwisha, wengi niliowajua walikuwa wamekata tamaa. Baadhi walikwenda Ghuba, na baada ya Kenya na Uingereza kutia saini mkataba wa ajira za wahudumu wa afya mwaka 2021, wengine wakaelekea huko. Kila aliyeondoka alichukua ujuzi wa miaka, nasi tukabaki kuwafundisha wageni huku wagonjwa wakizidi.

Mabadiliko yaliletwa na matroni mpya. Aliketi na kila aliyeleta barua ya kuacha kazi, akamsikiliza. Mmoja wetu alimwambia, "Matroni, mshahara mdogo nimeuzoea. Kwenda nyumbani nikijua mgonjwa wangu hakupata haki yake, hilo limenishinda."

Akayafanyia kazi aliyoyasikia. Ratiba ikatoka mwezi mzima mapema, na ruhusa ya kubadilishana zamu. Kila zamu ikawa na muuguzi mmoja asiyepangiwa kitanda, wa kuwapokea wenzake wakale na kusaidia kugeuza wagonjwa. Madaktari wakipita asubuhi, muuguzi wa kitanda ndiye wa kwanza kuzungumza. Mgeni hakuachiwa mgonjwa peke yake hadi mkongwe aliyempokea aridhike naye. Na baada ya kifo kigumu, tuliketi pamoja tukasemezana kabla ya zamu kuendelea.

Lakini kuajiri wauguzi zaidi kulihitaji fedha, na kwa wakubwa wa hospitali matroni alikwenda na ushahidi. Utafiti wa Linda Aiken na wenzake, uliofanywa katika hospitali za Pennsylvania na kuchapishwa mwaka 2002, ulionyesha kwamba kila mgonjwa anayeongezwa kwa muuguzi mmoja huambatana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30. Kwa hoja hiyo, suala la wauguzi kuchoka likawa suala la uhai wa wagonjwa. Tukapata wauguzi wa kuongeza, ingawa hawakutosha.

Mishahara yetu bado ni midogo, na wapo walioondoka hata baada ya hayo. Lakini wakongwe walibaki, na barua za kuacha kazi zikapungua.

Kwa magavana na bodi za hospitali nina ombi moja. Mnaponunua kitanda cha wagonjwa mahututi, pigeni hesabu ya watu wake pia. Wiki ina saa 168. Muuguzi wa saa 40 kwa wiki hawezi kufikisha hata robo yake. Kitanda kimoja kinahitaji wauguzi zaidi ya wanne, kabla ya kuhesabu likizo na maradhi. Waajirini hao, wapeni ratiba ya kibinadamu, na wasikilizeni kabla hawajaandika barua.