Hitilafu Inayokuja na Kuondoka

Hitilafu inayosumbua kuliko zote ni ile inayokuja na kuondoka. Bomba likipasuka, kila mtu huona maji yanapotokea. Lakini mgonjwa anayeteseka usiku na kuamka mzima mbele ya daktari, hata yeye mwenyewe huanza kujitilia shaka. Hitilafu ya namna hiyo hutuvuta tuhukumu kabla ya kupima, na mara nyingi hukumu humwangukia mtu.

Sisi wa kikundi cha habari katika usharika mmoja huko Mbagala, wilayani Temeke, tulifundishwa jambo hili na kompyuta. Ni kompyuta ya mezani ya mtumba, inayotumia Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi huko Helsinki. Mtu yeyote anaweza kuuchukua bila malipo, na kwa fungu letu dogo hiyo ni neema. Wala si mgeni jijini kwetu: mwaka 2004 mradi wa Kilinux, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa lugha ya Kiswahili.

Wiki chache kabla ya Pasaka kompyuta ile ikaanza kuganda. Ukiandika matangazo ya ibada, unamaliza siku nzima bila tatizo. Ukihariri video ya kwaya, inaweza kwenda salama saa mbili, kisha ghafla kishale kinasimama, kibodi haijibu, na kazi ambayo haijahifadhiwa inapotea. Siku nyingine haigandi kabisa.

Ikaonekana kwamba inaganda zaidi anapokuwapo kijana mmoja wetu. Maneno yakaanza nje baada ya ibada: ameingiza michezo humo, ana mkono mbaya, si bure, kuna kitu. Likatolewa pendekezo apumzishwe huduma. Kijana akaanza kukaa viti vya nyuma, na Jumapili moja hakuonekana. Tukaona kwamba tunaweza kumpoteza ndugu kwa ajili ya mashine.

Tuliomba, kisha tukachukua daftari. Kila ilipoganda tuliandika siku, saa, nani alikuwapo, na kazi gani ilikuwa ikifanyika. Baada ya wiki mbili daftari likaonyesha wazi: mwingine akihariri video, inaganda vilevile, kijana akiandika matangazo, haigandi. Alikutwa hapo mara nyingi kwa sababu kazi nzito ilikuwa yake.

Tukaendelea kupima, jambo moja kwa wakati. Tulipuliza vumbi na kusoma joto la mashine wakati wa kazi. Joto lilikuwa la kawaida, ikaganda tena. Tuliipima RAM usiku kucha kwa Memtest86+, haikuwa na kosa. Ilipoganda siku nyingine, sauti ya kwaya iliendelea kusikika, na tulipoiita kupitia mtandao wa ndani kwa kompyuta nyingine, ikaitika. Kioo kilikuwa kimekwama, lakini ndani ilikuwa hai. Tulipoiwasha upya tukafungua kumbukumbu za mfumo kwa amri ya journalctl -b -1, inayoonyesha yaliyoandikwa kabla ya kuzimika. Dakika ileile ilipoganda, palikuwa na taarifa kwamba kadi ya michoro imeacha kujibu.

Tukajiuliza: ni nini kilichobadilika kabla ya haya kuanza? Sasisho la mfumo lilikuwa limeleta kiini kipya cha Linux, pamoja na dreva ya kadi hiyo. Kwa kawaida kiini cha zamani huachwa, na unaweza kukichagua wakati wa kuwasha.

Hapo tulimkumbuka Gideoni katika Waamuzi sura ya 6. Aliomba manyoya ya kondoo yalowe umande na ardhi ibaki kavu. Kisha akaomba kinyume chake, manyoya yawe makavu na ardhi ilowe. Nasi tukatumia kiini cha zamani wiki nzima, kwa video tu: haikuganda. Tukarudi kwenye kipya: siku ya pili ikaganda. Tukarudi kwa cha zamani: kimya. Tukabaki nacho mpaka lilipokuja sasisho jingine, tukalipima vilevile, likawa salama.

Daftari lilisomwa mbele ya wazee wa kanisa, na kijana yupo. Mzee mmoja akainuka, akamshika mkono. Jumapili iliyofuata alikuwa kwenye kompyuta yake.

Wapo wanaosema kwamba kupima ni upungufu wa imani. Lakini Mungu hakumkemea Gideoni. Na katika Yohana sura ya 9, wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu walitaka kujua ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana alikataa hukumu zote mbili, akamponya.

Wapendwa, katika nyumba zetu yako mengi yanayokuja na kuondoka: hasira ya baba, ukimya wa binti, fedha ya kikundi isiyotimia mwezi huu na kutimia mwezi ujao. Kabla ya kutaja jina la mtu, tuulize amebeba mzigo gani na ni nini kilichobadilika. Anayebeba mzigo mzito ndiye anayekutwa karibu na kilichoharibika. Na aliyenyamaza asiweze kutujibu, tusiseme amekufa moyo. Tumwendee kwa mlango mwingine, huenda akaitika. Bwana atupe subira ya kupima, na upendo wa kungoja majibu.